Pudini ya mkate ya Kusini mwa Marekani na sosi ya moto ya bourbon

Ukiondoa mapambo yote, pudini ya mkate ni kastadi ya mayai na maziwa iliyonywewa na mkate mkavu. Kwa hiyo vitu vinavyoiharibu hasa ni viwili: mkate ambao haukukauka vya kutosha kuinywa hiyo kastadi, na moto unaoipitisha kastadi pale inapotakiwa kuganda. Sosi nayo ina sharti lake moja kubwa, kwamba bourbon, wiski ya Marekani ya mahindi, iingie wakati sufuria imeshatoka motoni. Ukiyashika hayo, mengine yote ni ladha, na ladha kila mpishi ana yake.

Vipimo vilivyopo hapa ni vya bakuli la kuokea la sentimita 23 kwa 33 lenye kina cha sentimita 5, na vinatosha watu 10 hadi 12. Tumia mizani. Kikombe cha vipande vya mkate hakisemi kitu, kwa sababu mkate mwepesi na mkate mzito hujaza kikombe kile kile huku uzito wake ukitofautiana karibu mara mbili. Mapishi mengi ya pudini hii hupotelea hapo hapo, kabla hata yai halijavunjwa.

Kwa pudini:
- mkate gramu 450, kabla ya kukaushwa
- maziwa yenye mafuta yake yote, mililita 700
- krimu nzito, yenye mafuta ya asilimia 36 hivi, mililita 350
- mayai makubwa 5 mazima, na viini 2 vya ziada
- sukari gramu 180
- chumvi laini, nusu kijiko cha chai
- vanila kijiko kikubwa 1
- mdalasini wa unga kijiko cha chai 1, na kungumanga iliyokwaruzwa, robo kijiko cha chai
- zabibu kavu gramu 100 na bourbon mililita 60 ya kuzilowekea
- pekani (aina ya njugu za Marekani) gramu 80, zilizokatwakatwa
- siagi gramu 60: 15 ya kupaka bakuli, 45 ya kuyeyusha na kumwagia juu
- sukari vijiko vikubwa 2 vya kunyunyizia juu

Kwa sosi:
- siagi isiyo na chumvi gramu 115
- sukari ya kahawia gramu 150
- krimu nzito mililita 120
- viini vya mayai 2
- bourbon mililita 60
- chumvi, kiasi cha kuokota kwa vidole viwili

Ute wa mayai manne utakaobaki usiumwage. Funika, weka kwenye friji. Una kazi yake mbele.

Mkate, na namna ya kuukausha kweli

New Orleans hutumia mkate wa Kifaransa unaookwa huko huko: mrefu, wenye ganda jembamba linalopasuka ukilibonyeza, na ndani mwepesi uliojaa hewa. Ndio mkate wa sandwichi ya po'boy, na viwanda vyake vingine ni vya zamani. Leidenheimer kilianzishwa mwaka 1896. Wepesi huo ndio unaoufaa kwa pudini, maana vitundu vyake vya hewa vinakuwa nyumba ya kastadi. Ukikosa mkate wa aina hiyo, tafuta mkate mrefu wowote mwepesi. Bagueti yenye ganda nene inatumika, ila menya nusu ya ganda kwanza, la sivyo kila kijiko kitakuwa na kipande cha kutafuna kama ngozi.

Brioche na chala ni mikate mizuri pia, lakini tayari ina mayai na mafuta ndani yake. Ukitumia mojawapo, acha vile viini viwili vya ziada na punguza siagi ya juu iwe gramu 25, vinginevyo pudini inakuwa nzito na ya mafuta. Mkate wa chachu ya asili hatuupendekezi: uchachu wake unagombana na krimu, na utando wake mgumu unabaki mgumu hata baada ya kulowa. Wapo wa Kusini wanaotumia donati zilizolala. Zinafaa, ila sukari ya kastadi ishuke hadi gramu 80, na zabibu ziachwe kabisa.

Kata mkate kwa kisu cha meno, vipande vya sentimita 3. Vidogo zaidi ya hapo vinayeyuka na kuwa uji. Vikubwa zaidi vinabaki na kiini kikavu katikati. Tandaza vipande kwenye trei mbili, tabaka moja tu, uviweke kwenye oveni ya nyuzi 135 za Selsiasi kwa dakika 25 hadi 35, ukivigeuza mara moja. Hatutafuti rangi. Mkate ulioungua kingo unapata uchungu ambao sukari haiufichi, na uso uliokaangika hauruhusu maziwa kupenya haraka.

Utajuaje umekauka? Upime. Mkate wa kawaida wa aina hii hubeba maji kiasi cha theluthi ya uzito wake. Gramu 450 zikishuka hadi kama gramu 350, umefika. Kipande ukikivunja kinatoa sauti kavu na kinavunjika mara moja, hakijipindi kwanza. Hicho ndicho kipimo cha kuaminika kuliko muda, kwa kuwa oveni hazifanani.

Watu wengi huamini mkate wa juzi hauhitaji kukaushwa. Si kweli. Mkate kuwa mgumu na mkate kuwa mkavu ni mambo mawili. Ugumu wa mkate uliolala unatokana zaidi na wanga kujipanga upya na kuwa fuwele, na jambo hilo hutokea hata mkate ukiwa umefungwa ndani ya plastiki na maji yake yote yamo. Wanga huo hulegea tena ukipata joto, na mkate wako "mkavu" unageuka kuwa laini na mbichi ndani ya oveni, ukiwa haujanywa kastadi ya kutosha. Kwa hiyo hata mkate wa siku mbili au tatu upitishe kwenye oveni na uupime. Kama umeanza na mkate uliokwisha kukauka kabisa, chukua gramu 350 moja kwa moja.

Zabibu na pekani

Pasha bourbon mililita 60 iwe na joto tu, isichemke, na uipashe ndani ya bakuli dogo lililokaa kwenye maji ya moto, mbali na moto wa gesi. Mimina juu ya zabibu, funika, acha nusu saa au usiku kucha. Zabibu zisipolowekwa hunyonya maji ya kastadi iliyo karibu nazo, na utakuta kila moja imezungukwa na kijishimo kikavu. Bourbon itakayobaki chini ya bakuli inaingia kwenye kastadi.

Pekani zioke peke yake kwa nyuzi 165 kwa dakika 7 au 8, mpaka unazisikia zinanukia. Zikiingia mbichi kwenye kastadi hazipati tena nafasi ya kuiva, zinalainika tu.

Kastadi

Weka maziwa, krimu, sukari, chumvi, mdalasini na kungumanga kwenye sufuria. Pasha kwa moto wa wastani huku ukikoroga mpaka ifike nyuzi 60 hivi: mvuke unaonekana, ila hakuna hata povu moja linalopanda. Joto hili linayeyusha sukari, linatoa harufu ya viungo, na maziwa ya vuguvugu hupenya mkate mkavu upesi kuliko maziwa ya friji.

Kwenye bakuli kubwa piga mayai na viini taratibu, kwa lengo la kuvichanganya, si kuvijaza hewa. Povu likiwa jingi juu ya kastadi hubaki juu ya pudini na kukauka kama utando. Mimina maziwa ya joto juu ya mayai kidogo kidogo mwanzoni, ukikoroga bila kuacha, kisha yaliyobaki yote. Ongeza vanila na ile bourbon ya zabibu. Chuja. Usiruke hatua ya kuchuja: kile kiuzi cheupe kinachoshikilia kiini cha yai hakivunjiki kwa kupigwa, na huibuka baadaye kama ukanda mweupe ndani ya kipande alichopewa mgeni.

Viini viwili vya ziada vina sababu. Ute wa yai ndio unaoifanya kastadi ishike na kusimama. Kiini kinaipa ulaini na utamu wa mafuta. Mayai mazima peke yake hutoa pudini inayokatika vizuri kwa kisu lakini yenye ugumu wa mpira kidogo. Sukari nayo si ya ladha tu. Inachelewesha mayai kuganda, na hivyo inakupa nafasi zaidi kati ya kastadi iliyoiva na iliyokatika. Ukiipunguza sana, iangalie oveni mapema zaidi.

Kama huna krimu, maziwa ya kopo yasiyo na sukari, yale yaliyopunguzwa maji, yanachukua nafasi yake kwa kiasi kile kile. Wapishi wa Kusini wameyatumia kwa muda mrefu, na yanaleta ladha ya maziwa yaliyoiva ambayo baadhi ya watu wanaipenda kuliko ya krimu.

Kuloweka

Paka bakuli siagi. Weka mkate wote ndani ya bakuli kubwa la kuchanganyia, mimina kastadi yote isipokuwa kikombe kimoja, geuza kwa mikono au mwiko mpana, kisha bonyeza vipande vizame. Acha dakika 15, geuza tena, acha nyingine 15. Baada ya hapo chukua kipande kikubwa kuliko vyote, kikate katikati. Ndani kiwe na rangi moja ya manjano hafifu mpaka kwenye moyo wake. Ukiona doa jeupe, kavu, ongeza dakika 15 na ujaribu kingine. Hakuna sababu ya kuharakisha hapa. Kosa hili halirekebishiki ndani ya oveni.

Changanya zabibu na nusu ya pekani ndani ya mkate, hamishia kila kitu kwenye bakuli la kuokea, kisha mimina kile kikombe kilichobaki. Zabibu zinazojitokeza juu zisukume chini kwa kidole, kwa sababu zinaungua na kuwa chungu. Vipande vya mkate vinavyochomoza juu viache hivyo hivyo. Hivyo ndivyo vitakavyopata ukoko. Mwagia siagi iliyoyeyuka, nyunyiza sukari na pekani zilizobaki.

Unaweza kuishia hapa jioni, ufunike na kuweka kwenye friji mpaka asubuhi. Siagi, sukari na pekani za juu ziache mpaka wakati wa kuoka. Bakuli la kioo au la udongo likitoka kwenye friji lipumzike nje nusu saa kabla ya kuingia kwenye moto, vinginevyo linaweza kupasuka.

Kuoka

Oveni iwe nyuzi 165. Yenye feni, 150. Funika bakuli kwa karatasi ya foili iliyopakwa siagi kidogo upande wa ndani, oka dakika 25, fungua, endelea dakika 25 hadi 35 nyingine. Pudini iliyotoka kwenye friji itataka dakika 10 au 15 zaidi.

Mjadala wa kuliweka bakuli ndani ya trei ya maji ya moto haujaisha, na kila upande una hoja. Maji hayawezi kupita nyuzi 100, kwa hiyo yanazilinda kingo zisiive kupita kiasi wakati katikati bado. Kwa maoni yetu, ukiwa na bakuli zito la udongo na oveni isiyodanganya, nyuzi 165 zinatosha bila maji, kwa kuwa mkate wenyewe unapunguza kasi ya joto. Lakini bakuli la bati jembamba, au oveni unayojua inapandisha, itumie trei ya maji yanayofika nusu ya urefu wa bakuli. Itachukua kama dakika 15 zaidi.

Kipimajoto kinamaliza ubishi. Katikati ya pudini, ncha ikiwa ndani ya kastadi na haijagusa chini, itoe ikisoma nyuzi 77 hadi 79. Itaendelea kupanda kidogo yenyewe ikiwa mezani. Kuanzia nyuzi 71 yai ni salama, ila kastadi yenye maziwa na sukari nyingi bado ni laini mno hapo. Ikipita 85, protini za mayai hujikaza na kuyakamua maji nje, na hakuna kinachoyarudisha. Bila kipimajoto, chomeka kisu sentimita 5 kutoka ukingoni: kitoke safi. Litikise bakuli kidogo: kingo zitulie, katikati itetemeke kama kitu kimoja, isiende mawimbi.

Pudini itavimba juu ya ukingo wa bakuli, kisha itashuka ikipoa. Ni mvuke uliokuwa ndani unaorudi kuwa maji, na kushuka huko si dosari. Iache dakika 20 hadi 30 kabla ya kuikata. Ukiikata mara moja, kastadi bado haijashikana na kipande kinamwagika kwenye sahani.

Bourbon ipi

Sheria ya Marekani inataka bourbon itengenezwe kwa nafaka zisizopungua asilimia 51 za mahindi, na ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani. Mwaka 1964 bunge la nchi hiyo, Congress, liliitambua kuwa kinywaji cha pekee cha Marekani. Kwa mpishi, mapipa hayo ndiyo habari yenyewe. Mbao za mwaloni zikiunguzwa hutoa vanilini, ile ile inayoipa vanila harufu yake, pamoja na ladha ya sukari iliyoungua. Ndiyo maana bourbon inakaa vizuri na siagi, sukari ya kahawia na krimu kuliko wiski nyingine. Wiski ya Scotland yenye moshi wa mboji itaifunika pudini yote, iache. Wiski ya Tennessee inafaa bila shida.

Chupa ya bei ya juu haina maana hapa, maana harufu zake za ndani zinapotelea kwenye siagi. Ile ambayo ungeinywa bila kukunja uso inatosha. Ukiweza kuchagua, chukua yenye kilevi cha asilimia 45 hadi 50, inayoandikwa 90 au 100 kwa kipimo cha proof kwenye chupa za Marekani. Inasikika vizuri zaidi ndani ya mafuta. Bourbon ambayo mahindi yake yamechanganywa na ngano badala ya shayiri nyekundu (rye) ni laini na tamu. Yenye shayiri nyekundu nyingi ina ukali wa viungo. Kwa pudini yenye mdalasini tungechukua hiyo ya pili.

Sosi

Yeyusha siagi kwenye sufuria yenye kitako kizito, moto mdogo. Ongeza sukari, krimu na chumvi, koroga mpaka sukari iyeyuke yote. Hii inachukua dakika 4 hadi 6, na usikubali kudanganywa na macho: chovya kijiko, kiache kipoe, sugua tone kati ya vidole viwili. Ukisikia chembe, bado. Sukari isiyoyeyuka sasa ndiyo itakayoifanya sosi iwe na mchanga kesho, kwa kuwa kila chembe huvuta nyingine kuizunguka. Sukari iliyoganda kwenye kuta za sufuria ifute kwa brashi iliyolowa maji.

Piga viini kwenye bakuli. Chota kikombe cha mchanganyiko wa moto, mimina juu ya viini kama uzi mwembamba huku ukipiga. Rudisha yote kwenye sufuria. Sasa koroga kwa mwiko unaogusa kitako chote, moto mdogo sana, mpaka nyuzi 74 hadi 77. Sosi itapoteza povu dogo la juu, itang'aa, na itashika mgongo wa mwiko. Ukipitisha kidole, mstari unabaki wazi. Iondoe motoni papo hapo na uihamishie kwenye bakuli, maana kitako cha sufuria kinaendelea kupika.

Zima moto kabisa. Ndipo umimine bourbon, kidogo kidogo, ukikoroga. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni usalama: pombe ya asilimia 40 huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzi 26 hivi, na sosi yako imezidi hapo mara tatu. Juu ya gesi inayowaka, moto unapanda kwa ghafla mpaka usoni. Usimimine kutoka kwenye chupa pia. Pima kwanza kwenye kikombe kidogo. Sababu ya pili ni harufu, kwa kuwa kinachoipendeza pua katika bourbon ndicho kinachotangulia kuruka na mvuke.

Kwa sababu hiyo hiyo, sosi hii ina kilevi. Imani kwamba pombe yote huruka ikipikwa si sahihi. Kwa jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, pombe iliyotiwa kwenye kitu kinachochemka na kuondolewa motoni hubakiza asilimia 85 yake, na hata kitu kilichochemshwa polepole kwa saa nzima bado kinabaki na asilimia 25. Waambie wageni kabla hawajala. Kwa asiyetumia pombe, loweka zabibu kwenye juisi ya tofaa ya moto, na kwa sosi chemsha mililita 240 za juisi hiyo hiyo mpaka zibaki 60, kisha ongeza vanila kijiko cha chai kimoja na nusu. Haitakuwa bourbon, lakini uchachu wa tofaa unaikata siagi vizuri na sosi inasimama kwa miguu yake.

Mimina sosi ikiwa na joto la nyuzi 55 hadi 60 juu ya kila kipande, muda wa kula. Ukiimwaga juu ya bakuli zima, ukoko wote uliouhangaikia unalowa. Ikisubiri, iache ndani ya bakuli lililokaa kwenye maji ya moto yasiyochemka.

Ikienda vibaya

Soma maji yaliyo chini ya bakuli. Yakiwa meupe na mazito, pudini haijaiva. Irudishe kwenye oveni, imefunikwa, dakika 10. Yakiwa maangavu kama maji ya matunda, imepitilizwa na mayai yamekamuka. Hiyo ya pili huwezi kuiponya, ila ukiipoza kabisa kwenye friji, ukaikata vipande na kuvikaanga kwa siagi pande zote mbili, inakuwa kifungua kinywa kizuri.

Tabaka la yai tupu chini, lililojitenga na mkate, maana yake kastadi haikunywewa. Ama mkate ulikuwa mbichi, ama uliuingiza kwenye oveni mapema. Pudini iliyokuwa uji mtupu juu mpaka chini ni mkate mbichi au vipande vidogo mno. Iliyo kavu na ya kusakama kooni ni mizani haikutumika, na mkate ulizidi maziwa.

Utamu uliopitiliza karibu kila mara unatoka kwenye sosi, wala si kwenye pudini, kwa hiyo onja vyote viwili pamoja kabla ya kugusa vipimo. Mara nyingi chumvi kidogo zaidi kwenye sosi inatosha.

Sosi iliyoachana, siagi ikielea juu, imepata joto kupita kiasi au imepoa na kupashwa kwa haraka. Weka kijiko kikubwa cha krimu ya baridi kwenye bakuli safi, ongeza sosi kijiko baada ya kijiko huku ukipiga kwa nguvu; hurudi. Ikiwa na chembechembe za yai lililoiva, chuja, na kama ni nyingi saga kwa blenda sekunde 20 baada ya kupoa kiasi. Ikiwa nyepesi mno, usiirudishe motoni ikiwa na bourbon ndani. Iache ipoe dakika 10. Siagi inapopoa huikaza yenyewe.

Mabaki, na ule ute wa mayai

Pudini hukaa kwenye friji siku nne, sosi siku tatu, kila kimoja peke yake. Pasha pudini ikiwa imefunikwa kwa foili, nyuzi 160, dakika 20 hivi, mpaka katikati isome 74. Mikrowevu inaipa ugumu wa mpira kingoni, ila kwa kipande kimoja, nguvu nusu na sekunde 60, inakubalika. Sosi ipashwe juu ya maji ya moto tu.

Ute wa mayai manne ulioweka kwenye friji utumie ndani ya siku mbili hadi nne, kwa njia iliyofanywa maarufu na mkahawa wa Commander's Palace wa New Orleans: sufle ya pudini ya mkate. Piga ute kwenye bakuli lisilo na tone la mafuta mpaka ulainike kama povu zito, ongeza sukari gramu 70 kidogo kidogo, endelea mpaka ung'ae na usimame ukiinua kipigio. Vunjavunja gramu 300 za pudini baridi. Nusu yake igawe chini ya vibakuli vidogo sita vilivyopakwa siagi, nusu ya pili ichanganye na ute kwa mwiko mpana, kwa kukunja kutoka chini kwenda juu, usikoroge. Jaza vibakuli mpaka juu ya ukingo, oka kwa nyuzi 175 dakika 20 mpaka vipate rangi ya dhahabu. Usifungue oveni katikati. Peleka mezani mara moja, toboa shimo katikati kwa kijiko, na umimine sosi ya moto ndani yake.